Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo: Mwalimu, Sauti na Mashine

Utangulizi

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapofika, sisi wakufunzi tunaokagua walimu tarajali katika shule za mwambao, kuanzia Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini, husikia hoja ile ile ikirudiwa. Wako wasemao kwamba kompyuta, projekta na vishikwambi ndivyo vitakavyoiokoa elimu yetu. Wako pia wasemao kwamba vyombo hivyo vinampokonya mwalimu kazi yake na kumzoesha mwanafunzi uvivu wa kufikiri. Kila upande una ushahidi wake, na kwa sababu hiyo mabishano hayaishi.

Hoja hii si changa kama tunavyodhani. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita ilimkabili mtu mmoja aliyetoka papa hapa kwetu, ambaye alifundisha Kiswahili ughaibuni katika miaka ile ile ambayo wataalamu walianza kuihifadhi na kuipima sauti ya binadamu kwa mashine. Mtu huyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Wapenzi wa fasihi na historia wanamjua kwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Wanaomkumbuka kama mwalimu mwenzetu ni wachache. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maisha yake kwa ufupi, na kuonyesha yanatufunza nini juu ya faida na hasara za kutumia vyombo darasani.

Utoto na chuo

Mtoro alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na mji wa Bagamoyo. Wakati huo pwani yote ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Tabora na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliingia mjini kwa maelfu, wakatua pembe za ndovu, wakapumzika, wakarudi bara na shehena za nguo na shanga. Mwaka 1868, kitambo kidogo kabla ya kuzaliwa kwake, wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua kituo chao hapo hapo. Mtoto wa Dunda, kwa hiyo, alikua akisikia lugha nyingi na kuona watu wa kila namna.

Elimu yake ya kwanza ilikuwa ya chuoni, yaani shule ya Kurani, kama watoto wengine wa Kiislamu wa mwambao. Vifaa vya chuo cha zama zile vilikuwa vichache: ubao wa mti unaoweza kuoshwa, kalamu ya mwanzi, na wino uliotengenezwa kwa masizi. Mwalimu aliandika herufi, mtoto akazifuatisha kwa kidole na kwa sauti. Alipozihifadhi, ubao ulioshwa na somo jipya likaandikwa. Kifaa hicho hicho kilitumika miezi na miaka, na mtoto mmoja baada ya mwingine akatoka akijua kusoma.

Tukiutazama ubao ule kwa jicho la mwalimu wa leo, tunaona kwamba nao ulikuwa na faida na upungufu wake. Faida yake ni kuwa uliifanya herufi ionekane, ukampa mtoto kitu cha kushika, na kosa lilifutika bila hasara. Upungufu wake ni kuwa mtoto aliweza kukariri sauti bila kujua maana. Lakini ubao haukukaa peke yake. Nyuma yake alikuwapo mwalimu aliyemjua mtoto kwa jina, aliyewajua wazazi wake, na aliyetambua kwa kumsikiliza tu kama amehifadhi au anadanganya. Hilo tulishike, maana tutalirudia.

Mtoro alisoma vizuri. Aliyamudu maandishi ya Kiarabu ambayo Waswahili walikuwa wakiandikia lugha yao karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kuenea, akahesabiwa miongoni mwa watu wenye elimu wa mji wake.

Kalamu na safari za bara

Ujana wake uliangukia katika miaka ya misukosuko. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilijaribu kuushika utawala wa miji ya pwani, na wenyeji wakaipinga kwa silaha. Kiongozi maarufu wa upinzani huo, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Bagamoyo, ambayo Wajerumani walikuwa wameifanya makao yao, ilipoteza nafasi hiyo mwaka 1891 serikali ilipohamia Dar es Salaam. Mtoro alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei wakati utawala mpya ulipokwisha kujikita.

Katika miaka iliyofuata alisafiri katika nchi za nyuma ya mwambao wetu, ng'ambo ya mto Kingani ambao leo tunauita Ruvu, akafika Udoe na Uzigua. Aliyoyaona aliyaandika: makazi ya watu, chakula chao, mila zao za kuzaliwa na za kuzikana. Maandishi yake ya safari hizo yaliingizwa katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichotolewa Ujerumani mwaka 1901 na Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni katika nchi hii na ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin.

Ni vema mwalimu wa somo lolote azingatie namna Mtoro alivyofanya kazi. Hakuwa na kamera wala chombo cha kunasia sauti. Alikuwa na macho, masikio, kumbukumbu iliyonolewa chuoni, na karatasi. Hata hivyo, maelezo yake yamebaki kuwa hazina kwa wanahistoria wa sehemu hizi. Uchunguzi hutangulia, chombo huja kuusaidia.

Mwalimu huko Berlin

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichofunguliwa mwaka 1887. Hakuwa Mswahili wa kwanza kufundisha hapo. Sulaiman bin Said na Amur bin Nasur, wote wawili watu wa Zanzibar, walikuwa wamemtangulia. Wanafunzi wake walikuwa maofisa wa serikali, askari, wamisionari na wafanyabiashara waliokuwa wakijiandaa kuja Afrika Mashariki. Yaani Mtoro aliwafundisha lugha watu ambao kesho yake wangekuja kuwatawala ndugu zake.

Utaratibu wa kufundisha ulikuwa wa watu wawili. Mwalimu wa Kijerumani alieleza sarufi na kuipanga kazi yote. Msaidizi wa Kiafrika au wa Kiasia, aliyekuwa mwenyeji wa lugha inayofundishwa, aliwazoesha wanafunzi matamshi, mazungumzo na kusoma. Kwa upande wa mbinu, utaratibu huu ulikuwa na busara yake. Mwanafunzi aliisikia lugha kwa mwenyewe, hakuisoma kitabuni peke yake. Walimu wa lugha wa leo wanaotafuta kanda na vipindi vilivyorekodiwa wanakitafuta kitu kile kile ambacho seminari ile ilikipata kwa kumleta mtu mzima kutoka Bagamoyo.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Msaidizi aliyewekwa darasani ili atamke, wanafunzi waige, aliweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa chombo: kinywa cha kutoa sauti, kisichoulizwa kina maoni gani. Mwaka ule ule wa 1900, katika mji huo huo wa Berlin, mwanasayansi Carl Stumpf alianzisha hazina ya sauti zilizonaswa kwa fonografu kwenye miche ya nta. Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na namna mbili za kuzileta sauti za mbali mbele ya wasomi: moja ya nta, na nyingine ya mtu aliye hai. Mche wa nta haukudai mshahara, haukudai heshima, wala haukumjibu mtu.

Mtoro alidai. Hakuridhika kuhesabiwa chini ya wanafunzi wake. Baadhi yao, kwa sababu ya rangi yake, hawakutaka kumpa heshima ambayo mwanafunzi humpa mwalimu. Naye hakukubali kunyamaza. Alijua thamani ya kazi aliyokuwa akiifanya, na alitaka itambuliwe. Msimamo huo ulimletea taabu, na haukupita muda mrefu kabla ya kazi yake ya Berlin kufikia mwisho.

Tusilione jambo hili kuwa la siasa tu, lisilohusu ufundishaji. Mwanafunzi asiyemheshimu mwalimu wake hawezi kumwuliza swali la kweli. Ataiga sauti, atapita mtihani, lakini hatauliza kwa nini watu hawa husema hivi na si vile, kwa nini neno hili ni la adabu na lile ni la kuudhi. Wale waliomtumia Mtoro kama kinywa tu walijinyima wenyewe sehemu kubwa ya elimu aliyokuwa nayo.

Kitabu cha desturi

Sehemu ya elimu hiyo ilihifadhiwa kwa njia ya mashine nyingine, iliyo kongwe zaidi: mtambo wa kupiga chapa. Mwaka 1903 kilitoka katika mji wa Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kwa Kiswahili, pamoja na toleo la Kijerumani. Kinaeleza maisha ya watu wa mwambao tangu kuzaliwa, kusoma chuoni, kuoa, ngoma, utani, utumwa na sheria mpaka kufa na kuzikwa. Mchango mkubwa wa kitabu hicho ni wa Mtoro, ingawa yamo pia maelezo ya Waswahili wengine. Mkusanyaji na mtoaji aliyetajwa mbele ya kitabu ni Velten.

Hapa tena tunaziona faida na hasara zikitembea pamoja. Laiti si mtambo wa chapa, maelezo ya Mtoro juu ya Bagamoyo ya karne ya kumi na tisa yangalipotea kama yalivyopotea ya wazee wengi wenye maarifa sawa na yake. Leo mwanafunzi wa historia anaweza kuyasoma. Mwaka 1981 ilitoka tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J.W.T. Allen, na kitabu kikawafikia wasomaji wa nchi nyingi. Hiyo ni faida ambayo hakuna sauti ya mwalimu, hata iwe kubwa namna gani, ingeweza kuileta.

Hasara yake ni hizi. Kwanza, maarifa yalipoingia kitabuni, mwenye maarifa alirudishwa nyuma na mkusanyaji akawekwa mbele. Pili, kitabu kilifungua milango ya nyumba za Waswahili kwa maofisa waliokuja kutawala, bila Mswahili mwenyewe kuwapo pale kueleza au kukanya. Tatu, desturi ambazo kwa watu zilikuwa zikibadilika kila kukicha ziliganda katika kurasa, na msomaji asiye na wa kumwuliza aliweza kudhani kwamba Waswahili wote, miaka yote, huishi hivyo. Chombo huhifadhi, lakini hakijibu.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata alifunga safari ya kurudi Afrika Mashariki pamoja na mkewe. Serikali ya kikoloni haikuweza kustahimili kumwona mwanamume wa Kiafrika na mke wa Kizungu wakikaa pamoja katika koloni. Walikataliwa kuingia nchini na kukaa kama mume na mke, wakalazimika kurudi Ujerumani. Mtoro, aliyewafundisha maofisa wa serikali hiyo jinsi ya kusalimu na kuomba hodi kwa Kiswahili, hakufunguliwa mlango wa nchi yake mwenyewe. Aliishi Ujerumani maisha yake yote yaliyobakia.

Hamburg na mashine za sauti

Baada ya kurejea alifanya kazi na Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu. Meinhof alipohamia Hamburg mwaka 1909, katika Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla, Mtoro naye alikwenda kufundisha Kiswahili huko, akaendelea mpaka mwaka 1913.

Katika taasisi hiyo, mwaka 1910, ilifunguliwa maabara ya fonetiki iliyosimamiwa na Giulio Panconcelli-Calzia. Maabara za namna hiyo zilikuwa na kifaa chenye mche unaozunguka, uliovishwa karatasi iliyopakwa masizi. Mtu alisema katika mrija, na pumzi yake ikaitikisa sindano nyembamba iliyochora mistari juu ya masizi. Mtaalamu aliweza kuipima mistari hiyo na kuona sauti hii imechukua muda gani, na ile imetoka kwa nguvu kiasi gani.

Mtoto wa Dunda alijifunza kusoma kwa wino wa masizi. Sasa alikuwa mwalimu mahali ambapo masizi yalichorwa na pumzi. Maendeleo hayo hatuwezi kuyabeza. Mashine ile ilionyesha mambo ambayo sikio peke yake haliyapimi, na elimu ya fonetiki tunayoifundisha vyuoni leo imejengwa juu ya kazi za maabara kama hizo. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kumweleza mwanafunzi tofauti ya sauti ya th katika thamani na ya dh katika dhamana, au kwa nini mwenye lugha nyingine huzichanganya r na l, anadaiwa shukrani na wataalamu hao.

Hata hivyo, mistari ile haikuweza kueleza maana. Mashine ilipima neno pole kama ilivyopima neno lolote jingine. Haikujua kuwa neno hilo huambiwa mfiwa, huambiwa aliyejikwaa, huambiwa pia anayetembea ili asiharakishe. Ya kueleza hayo ilikuwa kazi ya Mtoro. Kwa hiyo taasisi iliyokuwa na mashine bora za wakati wake bado iliendelea kumhitaji mwalimu. Sababu yake ni ya siku zote: lugha hufundishwa na anayejua inapouma.

Mhadhiri wa kusafiri

Baada ya kuacha Hamburg, Mtoro alijipatia riziki kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki katika miji mbalimbali ya Ujerumani. Aliendelea na kazi hiyo katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza na baada yake, wakati Ujerumani ilipokwisha kunyang'anywa makoloni yake na maisha yalipokuwa magumu kwa kila mtu, sembuse kwa mgeni.

Mihadhara juu ya nchi za mbali, katika Ujerumani ya siku zile, ilizoea kuambatana na picha za kioo zilizomulikwa ukutani kwa taa. Ilikuwa ndiyo projekta ya enzi hizo. Picha hizo ziliwapendeza watazamaji, na ziliweza kuwafundisha. Lakini zilikuwa pia na tabia ya kuipunguza Afrika ikawa minazi, ngoma na wanyama. Tofauti ya mhadhara mmoja na mwingine ilitegemea ni nani anayesimama kando ya ukuta na anasema nini. Mwafrika aliyesoma, mwandishi wa vitabu, aliyesimama mbele ya ukumbi na kusema Kijerumani kwa ufasaha, alikuwa yeye mwenyewe ni jibu kwa dhana potofu ambazo hakuna picha ingeweza kuziondoa. Tena aliweza kuulizwa, na aliweza kujibu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alifariki dunia Berlin mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka karibu 58. Hakuiona tena Bagamoyo. Mwaka 2009 maisha yake yaliandikwa kitabu kizima na Ludger Wimmelbücker, nacho kilichapishwa Dar es Salaam.

Funzo kwa mwalimu wa leo

Sasa turudi katika madarasa yetu. Katika nchi yetu vyombo vimekuja kwa mawimbi. Redio ilitangulia, ikaleta vipindi vya shule; kanda za sauti zikafuata; kisha televisheni, kompyuta na simu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, masomo yaliwafikia baadhi ya watoto kwa redio na televisheni, na wale wasiokuwa navyo nyumbani walikosa. Baada ya sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Faida za vyombo hivi hazina ubishi. Mwalimu wa Jiografia huonyesha volkano ikilipuka. Mwalimu wa Biolojia huonyesha moyo ukipiga. Mwalimu wa kijiji kisicho na maktaba hufungua kitabu ambacho asingekipata kwa njia nyingine.

Naomba niongeze mambo mawili niliyoyashuhudia nikikagua masomo, katika shule ambazo sina haja ya kuzitaja. La kwanza ni la mwalimu tarajali aliyeandaa somo la Sayansi lote kwenye projekta. Picha zilikuwa nzuri, maelezo yote yameandikwa chini yake, naye alikuwa akiyasoma kwa sauti. Umeme ulikatika dakika ya kumi na mbili. Alisimama kando ya mashine, akaigusa, akaitazama dari, akaniangalia mimi. Ubao ulikuwa nyuma yake na chaki ilikuwa mezani. Nje ya dirisha mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na somo lake lilikuwa la mzunguko wa maji. Darasa lilikaa kimya mpaka kengele ilipolia. Kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa amekwisha kuikabidhi sauti yake kwa mashine, na mashine ilipozimika akazimika nayo. Kosa hilo ni letu sisi wakufunzi pia, kwa kuwa tulimpa alama nyingi kwa uzuri wa zana bila kumwuliza atafanya nini ikikosekana.

La pili ni la binti aliyefundisha Kiswahili katika shule iliyo karibu na bahari. Alileta simu tu. Alikuwa amemrekodi mvuvi mmoja mzee akieleza majira ya pepo, akawachezea wanafunzi dakika tatu. Mtoto mmoja akauliza demani ni nini. Binti yule alikuwa mtu wa bara, hakujua. Angeweza kuicheza rekodi tena na kupitisha wakati. Badala yake alikiri mbele ya darasa kwamba hajui, akawataka watoto wakaulize ufukweni jioni ile, naye akaahidi kwenda. Kesho yake nilirudi kwa makusudi. Mikono ilikuwa juu karibu darasa zima, na jibu la mtoto mmoja lilisahihishwa na mwenzake ambaye babu yake ana ngalawa.

Chombo cha yule binti kilikuwa duni kuliko cha yule kijana. Tofauti ilikuwa katika swali: rekodi yake ilifungua mlango wa kuuliza, na yeye mwenyewe alikuwapo mlangoni.

Kutokana na maisha ya Mtoro, pamoja na tunayoyaona madarasani, napendekeza walimu wenzangu tuzingatie mambo manne.

Kwanza, kila zana itanguliwe na lengo. Mwalimu ajiulize zana hii itamwonyesha mwanafunzi kitu gani ambacho sauti yangu, ubao wangu na mazingira ya shule haviwezi kumwonyesha. Kama hakuna, na aiache.

Pili, somo liandaliwe kwa namna ambayo linaweza kuendelea zana ikikosekana. Andalio la somo liwe na nafasi ya jambo hilo, na mkufunzi alikague.

Tatu, zana isifunge maswali. Kila baada ya picha, sauti au maandishi, mwanafunzi apewe nafasi ya kuuliza, na mwalimu asione haya kusema kwamba jambo fulani halijui na wote watalitafuta.

Nne, mwenye maarifa atajwe. Tunapomrekodi mzee, mvuvi, mkunga au mwimbaji ili tumtumie darasani, tumwombe ruhusa, tulitaje jina lake akipenda, na ikiwezekana tumwalike aje mwenyewe. Tusifanye kwa wazee wetu yale yaliyofanywa kwa Mtoro, ambaye maarifa yake yaliwekwa mbele na nafsi yake ikasukumwa nyuma.

Hitimisho

Walimu hatuna sababu ya kuiogopa mashine, wala ya kuisujudia. Ubao wa chuo, kitabu cha chapa, mche wa nta, karatasi ya masizi, picha za kioo na vishikwambi vya leo ni vya ukoo mmoja: vyote huongeza nguvu ya kuona, kusikia na kuhifadhi, na vyote hunyamaza vikiulizwa. Hatari haitokani na chombo kuingia darasani. Hutokana na mwalimu kukubali, au kulazimishwa, kuwa sehemu ya chombo hicho.

Mtoro bin Mwinyi Bakari aliwekwa mahali ambapo ilikuwa rahisi kuwa kinywa tu. Alikataa, na kukataa huko kulimgharimu. Sisi tunaofundisha umbali mfupi kutoka alipozaliwa tunapewa vyombo bora kuliko alivyoviona yeye, na heshima ya darasa ambayo yeye alinyimwa. Ingekuwa aibu kama tungeitoa wenyewe kwa hiari, kwa kusoma tu kilichoandikwa ukutani.